Kutoka Clang 14 hadi 18: Kuna Ukuta Katikati

Kwenye Ubuntu 22.04, ukiiuliza Clang, kompaila inayogeuza msimbo wa C na C++ kuwa programu, kwa `clang --version` inakujibu 14. Ukipandisha mfumo kwenda 24.04, unakuta 18. Kwa wanaotumia Debian mruko ni mrefu zaidi: Debian 12 inakuja na 14, Debian 13 inakuja na 19. Ni namba tu kwa macho, lakini katikati yake umesimama ukuta unaoitwa toleo la 16. Watengeneza programu wengi wa Dar es Salaam wameuvuka siku walipoandika `do-release-upgrade` huku wakisubiri chai. Kesho yake msimbo uliojengeka miaka minane bila shida unakataa. Wa kwanza kulaumiwa ni Ubuntu, wa pili ni kompaila, na mwenye kosa mara nyingi ni msimbo wenyewe. Kosa lilikuwepo siku zote ila halikuwa na wa kulisema.

Hapa hatutaorodhesha kila jipya la LLVM, mradi wenye Clang ndani yake. Mradi ule ni mkubwa na mengi yake hayatufiki. Tutakaa na yale yanayomkuta mtu wa Kijitonyama mwenye programu ya Android ya duka, mwanafunzi anayejaribu kuandika pasi yake ya kwanza (hatua moja ya kukagua au kubadilisha msimbo ndani ya kompaila), au fundi anayetunza msimbo wa C alioachiwa na mwenzake aliyehama kazi.

Kwa asiyeifahamu: LLVM ilianza mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana-Champaign, mikononi mwa Chris Lattner na Vikram Adve, na toleo la kwanza likatoka 2003. Leo chini ya paa hilo kuna Clang ya kukusanya C na C++, linka ya LLD (inayounganisha vipande vilivyokusanywa), dibaga ya LLDB (ya kusaka makosa), maktaba ya C++ ya libc++, Flang ya Fortran na mengineyo. Rust na Swift hutoa msimbo wa mashine kupitia humo. PostgreSQL tangu toleo la 11 inaweza kuitumia kuharakisha hoja nzito. Android ndiyo kabisa: NDK, vifaa vya kujengea C na C++ kwa ajili ya Android, iliiondoa kompaila ya GCC tangu toleo la r18, kwa hiyo kila `.so` (faili la maktaba) unayojenga kwa ajili ya simu imepita kwa Clang, upende usipende. Toleo kubwa hutoka kila baada ya miezi sita hivi: 18.1.0 Machi 2024, 19.1.0 Septemba 2024, 20.1.0 Machi 2025, 21.1.0 Agosti 2025. Usihangaike kutafuta 18.0.0. Tangu 18, namba ya sifuri ni ya tawi linaloendelea kujengwa, na toleo rasmi huanzia .1.0.

Ukuta wenyewe

Tazama msimbo huu:

```c
#include <stdio.h>

int main(void) {
    char *jina = soma_jina(7);
    printf("%s\n", jina);
    return 0;
}
```

`soma_jina` imeandikwa kwenye faili lingine, na hakuna kichwa cha `.h` kinachoitangaza. Clang 14 inatoa maonyo mawili, kisha inajenga. Clang 18 inagoma:

`call to undeclared function 'soma_jina'; ISO C99 and later do not support implicit function declarations`

Sheria si mpya. C99 iliondoa ruhusa ya kuita fankisheni ambayo haijatangazwa, na hiyo ni 1999. Kompaila ziliendelea kuvumilia kwa miaka zaidi ya 20, mpaka Clang 16 ilipogeuza onyo kuwa kosa. Kutumia namba mahali pa pointa (anwani ya kumbukumbu) bila kusema kuligeuzwa kosa toleo moja kabla, kwenye 15.

Kuna sababu ya ukali huo. Kompaila isipoona tangazo hudhani fankisheni inarudisha `int`, yaani biti 32. `soma_jina` inarudisha pointa, na kwenye mashine ya biti 64 pointa ni biti 64. Tuseme anwani ya kweli ni `0x7f3a1c0042a0`. Anayeita anachukua nusu ya chini tu, `0x1c0042a0`, na nusu ya juu inapotea njiani. `printf` inakwenda kusoma mahali ambapo hakuna kitu na programu inaanguka. Kwenye kifaa cha biti 32 huwezi kuliona kosa hili, kwa sababu pointa na `int` vinalingana upana. Ndiyo maana msimbo uliozaliwa kwenye vifaa vya zamani huonekana mzima mpaka siku unapohamishiwa seva mpya.

Tiba yake ni kuandika tangazo kwenye kichwa na kukijumuisha pande zote mbili: kwenye faili linaloita na kwenye faili lenye fankisheni yenyewe. Upande wa pili watu huusahau, na bila huo kompaila haiwezi kukuambia kwamba tangazo na fankisheni vimeachana. Kwa fankisheni za mfumo, vichwa vinavyosahaulika zaidi ni `<stdlib.h>`, `<string.h>` na `<unistd.h>`.

Ukiwa na mteja anasubiri leo, weka `-Wno-error=implicit-function-declaration` kwenye `CFLAGS` (swichi inazopewa kompaila) na uandike mahali utakapoona tarehe ya kuiondoa. Kwenye C23, kiwango kipya cha lugha ya C, hata mlango huo hakuna. Na kukimbilia GCC hakusaidii: GCC 14 ilichukua msimamo huohuo, na GCC 15 imehamia C23 kama lugha ya kawaida, ambako `bool` ni neno la lugha. Ule mstari wa `typedef int bool;` uliojaa kwenye misimbo ya zamani nao unakufa hapo.

Kosa linalopiga kelele halina tabu. Kuna lingine la kimyakimya. Mradi wa zamani wenye `./configure` hupima mfumo kwa kujenga programu ndogondogo. Kama kipimo kiliandikwa kizembe, `main()` bila `int` au `exit(0)` bila kichwa chake, Clang mpya inakikataa, na `configure` inatafsiri kukataliwa huko kuwa mfumo hauna kitu hicho. Inaandika "no" na kusonga mbele. Programu inajengwa bila kosa hata moja, ila usimbaji fiche umezimwa au mafaili makubwa hayasomeki. Kwa hiyo ukivuka ukuta, usiridhike na kuona jengo limekamilika. Hifadhi orodha ya majibu ya `configure` kutoka mashine ya zamani, chukua ya mashine mpya, zipitishe kwenye `diff`. Kila "yes" iliyogeuka "no" itafute ndani ya `config.log`, ujumbe halisi wa kompaila umo humo. Mara nyingi `autoreconf -fi` ukiwa na Autoconf 2.72, chombo kinachoandika `configure`, inatosha.

Kilobaiti 16 kwenye Android

Hili lina tarehe. Tangu 1 Novemba 2025, programu mpya na masasisho yanayopelekwa Google Play yakilenga Android 15 au zaidi yanatakiwa kufanya kazi kwenye simu zenye kurasa za kumbukumbu za KB 16. Ukiandika Kotlin tupu bila maktaba ya C au C++ ndani, huna kazi. Lakini hakikisha kwanza kuwa kweli huna, maana maktaba za wengine huingia na mizigo yao.

Prosesa hugawa kumbukumbu kwa kurasa. Kwa miaka yote Android ilitumia kurasa za KB 4, na linka ilipanga vipande vya `.so` vianzie kwenye mipaka ya 4096. Mfumo wenye kurasa za 16384 hauwezi kupakia kipande kilichopangwa kwa mipaka midogo kuliko ukurasa wake, kwa sababu ruhusa za kusoma, kuandika na kutekeleza hutolewa kwa ukurasa mzima, si kwa nusu yake. Basi programu inafungwa pale inapoita `System.loadLibrary`.

Kagua hivi. Fungua APK kama zipu, kisha:

```
for f in lib/arm64-v8a/*.so; do
  echo "$f"
  llvm-readelf -lW "$f" | grep LOAD
done
```

`llvm-readelf` unayo tayari, imo ndani ya NDK kwenye `toolchains/llvm/prebuilt/linux-x86_64/bin`. Tazama safu ya mwisho. `0x4000` ni 16384, uko salama. `0x10000` pia salama. `0x1000` ni 4096, na faili hilo litagoma.

Dawa inategemea NDK yako. Kwenye r28 hufanyi chochote, mpangilio wa KB 16 ndio wa kawaida. Kwenye r27 ipe CMake `-DANDROID_SUPPORT_FLEXIBLE_PAGE_SIZES=ON`, au kwa `ndk-build` weka `APP_SUPPORT_FLEXIBLE_PAGE_SIZES := true`. Kwenye r26 na za nyuma mwambie linka mwenyewe: `-Wl,-z,max-page-size=16384`. Ushauri wetu ni kuhamia r28 moja kwa moja. Kubaki na ya zamani kwa sababu "inafanya kazi" ni kuahirisha kazi ileile, na utaifanya siku ya haraka zaidi. Zaidi ya hapo, APK yenyewe inatakiwa kuyapanga mafaili hayo ndani ya zipu kwa mipaka ya KB 16. Plagini ya Gradle ya Android kuanzia 8.5.1 hufanya hivyo, na `zipalign -c -P 16 -v 4 programu.apk` itakuthibitishia.

Sasa shida yenyewe ya huku kwetu. Programu nyingi za maduka na maghala zimeunganishwa na printa ndogo za risiti za Bluetooth, visoma alama za vidole, na vifaa vya kadi. Kifaa kimenunuliwa Kariakoo, ndani ya boksi kuna CD au kiungo cha kupakua, na humo kuna `.so` iliyojengwa miaka mingi iliyopita bila msimbo wake. `llvm-readelf` ikikuonyesha `0x1000` kwenye faili hilo, hakuna ujanja wa kulihariri. Mpangilio huamuliwa na linka, na kuunganisha upya kunahitaji mafaili ya `.o` ambayo huna. Zimebaki njia tatu. Mtafute mtengenezaji akupe toleo jipya. Au achana na maktaba yake uzungumze na kifaa moja kwa moja. Printa nyingi za risiti zinaelewa ESC/POS, lugha ya amri za printa hizo, na baiti zake unaweza kuzituma kutoka Kotlin bila C yoyote. Au badilisha kifaa. Kubakiza `.so` za biti 32 peke yake si njia, kwa sababu tangu Agosti 2019 Play inataka biti 64.

Hata ukijenga kila kitu mwenyewe, pekua msimbo kutafuta `4096` na `PAGE_SIZE`. Anayeita `mmap`, ya kuweka faili kwenye kumbukumbu, kwa kuanzia baiti ya 4096 ya faili atapata kosa la `EINVAL` kwenye ukurasa wa KB 16, kwa kuwa mwanzo lazima ugawanyike kwa ukubwa wa ukurasa. Uliza mfumo: `sysconf(_SC_PAGESIZE)`. Majaribio hayahitaji simu mpya. Android Studio ina picha ya emuleta ya KB 16. Ukishaiwasha, `adb shell getconf PAGE_SIZE` ijibu 16384 kabla hujaamini matokeo yoyote.

Kinga ya bei ndogo kwenye libc++

Tangu LLVM 18, libc++ ina ngazi nne za ukaguzi: none, fast, extensive na debug. Unachagua kwa mstari mmoja:

`-D_LIBCPP_HARDENING_MODE=_LIBCPP_HARDENING_MODE_FAST`

Ukiwa na `std::vector` yenye vitu viwili kisha ukaomba `bei[2]`, bila kinga unapewa takataka zilizokuwa jirani na programu inaendelea na bei ya uongo. Kwa fast, inasimama palepale. Google walieleza Novemba 2024 kuwa kuiwasha kwenye huduma zao kuligharimu wastani wa asilimia 0.30 ya kasi na kuliibua hitilafu zaidi ya 1,000. Kwa bei hiyo hatuoni sababu ya programu inayogusa fedha za watu kuwa bila kinga hii.

Mambo mawili huwapotosha watu. Kwanza, kwenye Linux Clang hutumia libstdc++ ya GCC isipokuwa umeandika `-stdlib=libc++` na umesakinisha `libc++-20-dev` na `libc++abi-20-dev`, au za namba yako. Bila hivyo ile swichi haifanyi kitu wala hailalamiki. Ukibaki na libstdc++, mwenzake ni `-D_GLIBCXX_ASSERTIONS`. Kwenye NDK ni libc++ tayari. Pili, kifo chenyewe kina sura ya ajabu: kwenye x86 unaona "Illegal instruction", na mtu anaanza kuilaumu prosesa ya mtumba. Prosesa haina kosa, kinga imetekeleza kwa makusudi amri ya kusimama. Jenga na `-g`, fungua kwa LLDB, itakuonyesha mstari. Ukitaka maelezo kwa maandishi wakati wa majaribio, panda ngazi ya debug. Na usidhani umekingwa kila upande, kwa sababu iterata za kawaida (viashiria vya kupitia vitu kimoja kimoja) bado hazikaguliwi mipaka mpaka ubadilishe ABI ya maktaba, yaani mpangilio wake wa ndani ambao programu zilizojengwa huutegemea.

Masomo ya zamani yasiyofanya kazi

Hili ni la wanafunzi. Mafunzo mengi ya LLVM yanayozunguka kwenye simu na flashi yaliandikwa kabla ya 2022, na tangu hapo msingi umehama. Kwenye msimbo wa kati wa LLVM, pointa zenye aina, `i32*` na ndugu zake, zimebadilishwa na `ptr` moja tu. Toleo la 15 liliifanya kuwa kawaida, la 17 likafuta za zamani. Faili la kale la `.ll`, lenye msimbo huo wa kati, bado linasomeka kwa sababu msomaji hulipandisha lenyewe. Kinachovunjika ni msimbo wako wa C++ unaoita `getPointerElementType()`, ambayo haipo tena. Uliza mwenye jibu: `getAllocatedType()` kwa `alloca` (amri ya kutenga nafasi ya kigeu), `getValueType()` kwa kigeu cha jumla, `getSourceElementType()` kwa GEP (amri ya kukokotoa anwani).

Halafu kwa `opt`, amri ya kuendesha pasi, `opt -mem2reg` haikubaliki siku hizi; andika `opt -passes=mem2reg`. Pasi yako ya nje inapakiwa kwa `-load-pass-plugin`, si `-load`. Na kuanzia 19 taarifa za dibaga si miito ya `llvm.dbg.value` tena, zimekuwa rekodi zinazoanza na `#dbg_value`. Pasi inayozitafuta kwa njia ya zamani inapita msimbo mzima bila kuona kitu, na haikwambii.

Mtego unaokula jioni nzima ni huu. Chukua:

```c
int nauli(int abiria) {
    int bei = 600;
    return bei * abiria;
}
```

Unaandika `clang -O0 -S -emit-llvm nauli.c`, unaona `alloca` mbili, unapitisha `opt -passes=mem2reg -S nauli.ll` ili pasi ya `mem2reg` iziondoe, na matokeo ni yaleyale. Unarudia, yaleyale. Pasi ni nzima. Ukijenga kwa `-O0`, Clang hubandika alama ya `optnone` kwenye kila fankisheni, na pasi za uboreshaji zikiiona alama hiyo zinaruka. Jenga hivi:

`clang -O0 -Xclang -disable-O0-optnone -S -emit-llvm nauli.c`

Sasa `mem2reg` itazifuta `alloca` zote mbili na kukuachia mstari wa kuzidisha kwa 600 na wa kurudisha jibu. Kabla hujapakua chochote, majaribio madogo kama haya fanyia kwenye tovuti ya Compiler Explorer, godbolt.org. Ina Clang za matoleo mengi pamoja na `opt`, inafunguka hata kwenye simu, na bando lako halitaumia.

Kujenga LLVM kwenye mashine ndogo

Wengi hawahitaji. Kwa Ubuntu na Debian kuna apt.llvm.org: pakua `llvm.sh`, endesha `sudo ./llvm.sh 20`, unapata `clang-20` ikikaa kando ya ile ya mfumo bila kugombana. Tumia `CC=clang-20` kwa mradi unaoutaka, na iache `/usr/bin/clang` kama ilivyo; kuibadilisha mfumo mzima ni kualika ugomvi usiokuhusu.

Ila ukitaka kurekebisha kompaila yenyewe, lazima ujenge. Tuseme una laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 8, betri imechoka, umeme ni wa mashaka. Usianze na `git clone`. Historia ya mradi inapimwa kwa GB, na ikikatika katikati inaanza upya. Chukua faili la `llvm-project-20.1.0.src.tar.xz` kwenye ukurasa wa matoleo wa GitHub, halifiki MB 200, na `wget -c` huendelea pale lilipokatikia. Nyaya za baharini zilipokatika Mei 2024 na intaneti ya Afrika Mashariki ikawa ya kusuasua, tofauti ya njia hizi mbili ilikuwa kati ya kupata na kukosa. Git utaihitaji baadaye, ukiwa na cha kuchangia.

```
cmake -S llvm -B jengo -G Ninja \
  -DCMAKE_BUILD_TYPE=Release \
  -DLLVM_ENABLE_ASSERTIONS=ON \
  -DLLVM_ENABLE_PROJECTS="clang;lld" \
  -DLLVM_TARGETS_TO_BUILD="X86;AArch64" \
  -DLLVM_USE_LINKER=lld \
  -DLLVM_PARALLEL_LINK_JOBS=1 \
  -DLLVM_CCACHE_BUILD=ON
ninja -C jengo -j3 clang lld
```

Swichi hizo zimewekwa kwa sababu. `Release`, kwa kuwa jengo la Debug linakula GB 15 hadi 20 za diski na linka yake inameza RAM yote. `ASSERTIONS`, ili pasi yako ikikosea ikwambie mapema badala ya kutoa msimbo mbovu. `TARGETS_TO_BUILD`, kwa sababu ukinyamaza utajengewa kila prosesa duniani, na huna haja na ya Hexagon. `LINK_JOBS=1`, kwani linka mbili zikikutana kwenye GB 8 moja inauawa. Kwa `-j`, hesabu GB 1.5 kwa kila kazi na uache nafasi ya mfumo. Kwa GB 8 tatu zinatosha, nne ukifunga kivinjari. Ukiona neno `Killed` bila maelezo, endesha `sudo dmesg | grep -i oom`. Msimbo hauna kosa, ni kernel imetoa mtu kwenye daladala iliyojaa. Libc++ na compiler-rt haziwekwi kwenye `PROJECTS`. Mahali pake ni `LLVM_ENABLE_RUNTIMES`.

Umeme ukikatika, Ninja, programu inayoendesha ujenzi, huendelea ilipoishia. Ukirudi unaweza kuona onyo kuwa kumbukumbu zake zimekatika na inazirekebisha, liache. Cha kuogopa ni mafaili ya `.o` yaliyoundwa sekunde chache kabla ya giza. Jina liliandikwa kwenye diski, maudhui hayakuwahi. Faili lina baiti sifuri, lakini tarehe yake ni mpya kuliko chanzo, basi Ninja inaliona limeshajengwa. Saa mbili baadaye linka inalalamika `undefined symbol` kwa fankisheni ambayo unaiona kwa macho yako kwenye msimbo. Watu hufuta jengo zima na kuanza upya. Usifanye hivyo:

`find jengo \( -name '*.o' -o -name '*.a' \) -size 0 -delete`

Endesha `ninja` tena, itajenga hayo tu. Na laptopu iinue kwa vipande viwili vya mbao ipitishe hewa chini. Kwa joto la Februari la hapa, prosesa hupunguza mwendo yenyewe na kazi ya saa tatu inakuwa ya tano.

Kipya si lazima kiwe na kasi

Python 3.14, iliyotoka Oktoba 2025, ina njia mpya ya kutafsiri inayotegemea sifa za Clang 19: `musttail` na `preserve_none`. Habari za mwanzo zilisema kasi imepanda kwa asilimia 9 hadi 15. Baadaye ikagundulika kuwa sehemu kubwa ya faida ilitokana na kulinganisha na mgonjwa. LLVM 19 ilikuwa imeweka kikomo kipya kwenye kunakili mikia ya vipande vya msimbo, kikomo hicho kikavuruga vitanzi vya `goto` za kukokotolewa ambazo Python ya kawaida huzitumia, na Python ya kawaida ikawa nzito ikijengwa na 19. LLVM 20 ikarekebisha, na faida halisi ikashuka hadi asilimia 3 hadi 5. Ukihamisha programu yako kwenye kompaila mpya na kasi ikabadilika, jenga pia msimbo wa zamani kwa kompaila hiyohiyo kabla hujatangaza chochote kwa bosi.

Flang tutaitaja kwa ufupi. Tangu toleo la 20 amri yake ni `flang`, si `flang-new`, na anayetunza mifano ya Fortran kama WRF, ya kutabiri hali ya hewa, anaweza kuanza kuijaribu sambamba na gfortran. BOLT, inayopanga upya msimbo wa programu iliyokwisha kujengwa, imo tangu 14, lakini inataka uunganishe na `-Wl,--emit-relocs` na uwe na kipimo cha matumizi halisi. Kwa seva ya watumiaji mia mbili ni kazi isiyolipa. Anza na `-flto=thin`, inayoboresha programu nzima wakati wa kuunganisha.

Clang ikianguka

Ikitokea Clang yenyewe imeanguka, itakuomba uripoti na itakutajia mafaili mawili iliyoyaacha `/tmp`: moja ni msimbo wako ukiwa umepanuliwa vichwa vyote, lingine ni `.sh` yenye amri kamili. Hayo mawili ndiyo ripoti. Ripoti hupelekwa GitHub, ambako mradi ulihamishia orodha yake ya hitilafu mwishoni mwa 2021. Kabla ya kuyatuma, yapunguze kwa `cvise`: iandikie hati fupi inayojibu sifuri pale Clang inapoanguka kwa ujumbe uleule, iache usiku, na mistari 40,000 itarudi kuwa 15 au 20. Ujumbe uwe uleule kweli, utafute kwa `grep` ndani ya hati. Ukipima kuanguka tu bila ujumbe, `cvise` itakuletea hitilafu nyingine kabisa. Soma pia kilichobaki, maana majina ya wateja na funguo za siri hukaa kwenye msimbo uliopanuliwa. Na kwa kuwa kwenye mifumo mingi `/tmp` husafishwa mashine ikizimika, kwa umeme wa huku weka `-fcrash-diagnostics-dir=$HOME/ajali` kwenye `CFLAGS` tangu mwanzo.